Cheti cha Kuokoa Umeme

Siku hizi serikali inazitaka kampuni za umeme zithibitishe kwamba wateja wao wanapunguza matumizi. Jumanne, katika ofisi ya umeme Ukunda, bibi mmoja wa Bodo alikuwa akilalamika kwamba transfoma ya kijiji chao imeungua tangu Ramadhani, na samaki wanaoza kwa kukosa barafu.

Karani alipekua faili, uso ukamkunjuka.

"Kumbe ni nyinyi! Hakuna kijiji kilichookoa umeme kama Bodo."

Akampa cheti kwa mikono miwili.

Bibi alikitazama mbele na nyuma. "Ahsante, mwanangu. Na mkiitengeneza transfoma, nikirudishe?"

Karani akafikiri kweli kweli. "Itabidi, bibi."

Mimi nilikuwa nimekwenda kulalamikia giza la kwetu Tiwi. Zamu yangu ilipofika, niliuliza tu kama vyeti vimebaki.