Kulala na Kuamka

Pale kwenye ofisi ya tiketi za ndege, wateja walimwita binti mmoja muuza tiketi Dada Kulala-Kuamka, na jina likamkaa. Mteja akiuliza safari ya ng'ambo ni ya muda gani, yeye humtajia saa za angani peke yake. Zile za kukaa kwenye viti vya chuma kungoja ndege ya pili huzimeza. "Utalala, utaamka, umefika," humwambia, na mteja hulainika. Wenzake wote hufanya vivyo hivyo. Vinginevyo nani angenunua?

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Aliishi na mama yake, wao wawili tu, na mama alikuwa na hamu moja: kumwona kitindamimba wake aliyehamia ng'ambo miaka mingi iliyopita, kabla macho hayajamwishia kabisa. Tiketi kitindamimba alishasema atalipa. Lakini kila mama akigusia, binti huanza kuhesabu tangu mlango wa nyumba yao: foleni, ukaguzi, ndege ya kwanza, kungoja, ndege ya pili, foleni tena. Hapo huongeza na chumvi. Siku mbili nzima, Mama, miguu itakuvimba. Kisha binti huenda kuoga, amechoka, moyo unamsuta. Hakuwa akiogopa miguu. Aliogopa mama akienda hatarudi, yeye abaki na kuta tu.

Jumatatu moja binti alisahau miwani yake nyumbani. Mama akamletea ofisini, akapanda ngazi kwa kupapasa mpaka ghorofa ya pili, akakaa kwenye benchi apumue. Kwenye kaunta palikuwa na bibi mmoja mwenye mkongojo, anakwenda mji uleule wa kitindamimba, na safari ilimtia hofu. Binti kichwa kilikuwa kinamgonga. Hakutazama benchi, mdomo ukaenda wenyewe.

"Ni karibu tu, Bibi. Utalala, utaamka, umefika."

Bibi akakata tiketi, akaenda zake. Ndipo binti alipoinua macho, akamwona mama yake kwenye benchi.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alisogea, akaweka miwani juu ya kaunta, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nihesabie na mimi," alisema. "Na za kungoja uzitie."

Binti akahesabu. Safari hii hakuongeza wala hakupunguza. Ilikuwa siku moja kasoro kidogo, mlango kwa mlango.

"Ndiyo hiyo tu?" Mama aliuliza. "Mwanangu, kungoja nimezoea. Ukitoka asubuhi nakaa kwenye kochi lile mpaka giza, nasikiliza mlango. Nawe ukirudi unaoga, unalala, unaamka, umeondoka."

Binti alivaa miwani, akaivua akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamuuliza mama angependa kuondoka lini.