Nusu Saa ya Mama Pacha

Kama kuna mtu aliyelijua joto la mji ule kwa jina na ukoo, basi ni Mama Pacha. Wengine walikutana nalo barabarani, wakalilaani, wakakimbilia kivulini. Yeye aliliendea kazini, akalihudumia kutwa nzima, kisha likamsindikiza nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Alikuwa mpiga pasi katika dobi kubwa iliyofua mashuka ya hoteli na hospitali. Kituo chake kilikuwa mbele ya mashine ndefu yenye rola za chuma zinazozunguka na kutoa mvuke. Shuka bichi linaingia upande huu, linatokea upande wa pili limenyooka, na katikati yupo Mama Pacha, ambaye hakuna aliyewahi kumnyoosha yeye.

Na nyumbani je? Nyumbani walikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Mumewe alikuwa fundi makochi, na kibaraza ndicho kilichokuwa karakana yake, kwa hiyo vipande vya sponji vilikutana na mtu tangu mlangoni na kumfuata hadi kitandani. Mama mkwe, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea, alikaa kwenye kigoda chake akiangalia wapita njia. Halafu walikuwepo mabinti wenyewe, hao mapacha, waliokuwa katika umri wa kuuliza kila kitu mara mbili, maana mmoja akijibiwa, mwenzake naye anataka jibu lake. Ukimwona Mama Pacha anaingia pale jioni ungedhani nyumba nzima ilikuwa imezuia haja zake kutwa ikimsubiri. Mama, kiatu changu kiko wapi? Mama Pacha, umeona mkasi wangu? Mwanangu, hebu nisogezee maji. Hata viti, nadhani, vingekuwa na mdomo vingemwita.

Si kwamba mumewe alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi, kwa sababu mume mbaya mtu anamsema kwa majirani roho ikapoa. Huyu alikuwa mpole, mcheshi, na alimpenda mkewe bila kificho. Tatizo ni kwamba upendo wake ulikuwa na miguu. Popote alipokwenda mkewe, nao upo.

Kati ya dobi na nyumbani palikuwa na ziwa. Ziwa la mji, si la ajabu: upande mmoja barabara, upande mwingine maghorofa, na ngazi za saruji zinazoshuka mpaka ndani ya maji. Mwanzoni mwa msimu ule wa joto Mama Pacha alishuka hizo ngazi ili alowanishe miguu tu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vinakataa kuvulika. Aliona wanawake wengine ndani ya maji, wengi wao watu wazima kama yeye, na mmoja aliyenenepa vizuri akamwambia, "Shuka, dada. Hayang'ati haya." Utotoni shangazi yake alikuwa amemfundisha kuogelea, naye aliamini ameshasahau. Mwili haukusahau. Alipiga mikono mara chache, akageuka chali, akaelea.

Hapo ndipo yalipoanza. Kwani raha yenyewe ilikuwa nini? Juu, maji yalikuwa vuguvugu kama yaliyosahaulika kwenye beseni, lakini chini, pale vidole vya miguu vinapofika, palikuwa na baridi ya kweli, na ile baridi ilipanda kwenye visigino mpaka kiunoni na kuutoa mvuke wa kutwa nzima. Mgongo ulilala bila kubebwa na mtu. Na masikio, yakishazama, hayasikii rola, hayasikii magari, hayasikii hata jina lako. Mtu angeweza kusimama pale ngazini akapiga kelele "Mama Pacha!" mpaka sauti ikamkauka. Yeye angekuwa anaangalia mawingu, roho imemtulia tuli. Nusu saa tu, kila siku atokapo kazini. Alikuwa anaogelea na gauni kuukuu la pamba, analirudisha dobi na kulianika nyuma ya tangi la mvuke, asubuhi linamkuta limekauka.

Nywele hazikuanikika. Siku ya kwanza alifika nyumbani zimelowa chapachapa chini ya kitambaa, macho mekundu, mwendo wa kujikokota. Mama mkwe akashika kifua.

"Mwanangu, jasho lote hilo?"

"Joto, mama," alisema Mama Pacha.

Hakudanganya. Joto lilikuwepo, nani atakataa? Lakini nyumba ile haikuhitaji uongo mzima, nusu yake ilitosha, nyingine waliitengeneza wenyewe. Kesho yake walimwona tena amelowa, na keshokutwa, wakakubaliana kwamba kule dobi sasa wanafanyisha watu kazi ya punda. Mama mkwe akaanza kumkanda mabega. Mabinti wakampepea kwa kipande cha boksi. Mumewe akamkalisha kwenye kochi la mteja, jipya, ambalo hata mapacha walikuwa wamepigwa marufuku kuligusa, na akaanza kupika mwenyewe, chakula ambacho tutakinyamazia. Kila walivyomhurumia ndivyo ukweli ulivyozidi kuwa mgumu kusemeka. Aliona aibu. Aibu kabisa, ya kumfanya ashindwe kutazama watu usoni. Lakini ikifika saa ya kutoka kazini, miguu ilikuwa imeshashika njia ya ziwani.

Basi jioni moja alitoka majini, akajipangusa macho, akamwona mumewe amekaa kwenye ngazi, viatu vya mkewe amevipakata.

Mama Pacha akaja, akakaa kando yake. Maji yalimtiririka, yakatengeneza kidimbwi kati yao.

"Nimekwenda dobi," mume akaanza. "Nilikwenda kugomba. Nilitaka kumwambia msimamizi wenu kwamba mke wangu si mashine. Maneno yote nimeyapanga njiani. Nafika, ananiambia, 'Mkeo? Mkeo hutoka wa kwanza.' Nikanywea, Mama Pacha. Mlinzi wa getini ndiye aliyenielekeza huku."

"Pole."

"Nilidhani una mwanamume."

Mama Pacha akamgeukia. "Mwanamume? Kwa nguvu zipi?"

Mumewe alijitahidi kukaa amenuna, akashindwa, akacheka mpaka waogeleaji wakageuka. Wasiwasi ulikuwa umemtoka, na wasiwasi ukimtoka mtu kama yule, nafasi yake haikai tupu, inajaa ukarimu papo hapo.

"Mbona hukuniambia?"

Jibu Mama Pacha alikuwa nalo. Lilikuwa fupi na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama alivyovipakata vile viatu, akalimeza.

"Niliogopa mtanicheka. Mtu mzima, naruka ruka majini."

"Nani akucheke! Jumapili tunakuja wote."

Wakaja wote. Mama mkwe aliletwa kwa toroli la kubebea makochi, amekaa juu yake kama malkia, akisalimia watu pande zote. Vilibebwa vyungu, taulo, mikeka, na kigoda. Fundi aliingia majini na bukta yake, akapiga kelele za baridi, akajifunza kuelea, akazama, akaibuka, akasema ameelea. Mabinti walicheza kwenye ngazi za juu, baba yao akiwashika mikono. Ilikuwa furaha ya kweli, na mtu mwenye roho safi hawezi kuwalaumu.

Na Mama Pacha? Alikuwa ufukoni. Pacha mmoja alipotoka majini anatetemeka, alimfunika taulo. Mwenzake akaona, naye akatoka anatetemeka. Bibi akataka kivuli, kikahama, akataka tena. Chakula kikapakuliwa, vyombo vikaoshwa, viatu vikalindwa. Mara mbili alisimama na kukunja gauni, na mara zote mbili aliitwa. Jua lilipolegea walifungasha, nywele zake zikiwa kavu kuliko siku yoyote ya msimu ule. Njiani mumewe alisukuma toroli akipiga mluzi.

"Kumbe raha hivi!" alisema. "Na wewe ulikuwa unatunyima!"

Jumatatu mashuka yalikuja mengi, ya Jumamosi na Jumapili pamoja. Siku nzima Mama Pacha alijikaza kwa wazo moja tu, la ile baridi ya chini, inayoanzia kwenye vidole. Saa ya kutoka ilipofika alilichukua gauni lake nyuma ya tangi, akalibana kwapani, akatoka getini. Walikuwa pale. Fundi amebeba taulo, mabinti wamevaa tayari kwa kuogelea, wote watatu wanacheka.

"Tumekuja kukupokea!" mumewe alisema. "Nimefunga kazi mapema. Kuanzia leo hutakwenda peke yako."

Wanawake wa chumba cha kukunjia walikuwa wanapita. "Una bahati, shoga," mmoja akasema, na alimaanisha.

Mama Pacha alizidi kulibana gauni lake kwapani.

"Baba Pacha, uliponiuliza kwa nini sikukuambia, nilikudanganya. Sikuogopa kuchekwa. Nilijua mtakuja."

"Si ndiyo tumekuja?" Alikuwa bado anacheka.

"Ndiyo. Naomba mrudi nyumbani."

Mabinti wakatazamana. "Mama, tumekukosea nini?" mmoja akauliza, na kwa mara ya kwanza mwenzake hakurudia.

"Hamjakosea kitu. Mama amechoka."

"Basi twende nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani huwa sipumziki, mwanangu."

Likawa limeshatoka. Halirudi. Mumewe aliacha kucheka, akaanza kulikunja lile taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa, akalikunja mpaka likawa dogo kama kitabu.

"Umechoka na sisi," alisema polepole.

Angeweza kusema hapana. Mdomo ulikuwa umeshazoea, na wote wanne wangeshuka ziwani wakicheka. Lakini hapana ile ingekula nusu saa ya leo, na ya kesho, na za msimu mzima, na yeye hakuwa na nyingine mahali popote duniani.

"Kwa nusu saa," alisema, "ndiyo."

Aliumia, yule mwanamume, na hakuficha. Aliwashika mabinti mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakaondoka bila kuaga. Mama Pacha alisimama kuwatazama mpaka walipokata kona, akitumaini mmoja atageuka. Hakugeuka mtu.

Akashuka ziwani. Maji hayakuwa matamu siku ile. Baridi ilikuwa mahali pake, mawingu yalikuwa mahali pake, lakini hata masikio yalipozama aliendelea kusikia, "Tumekukosea nini?" Alilia chali, akielea, na uzuri wa kulia majini ni kwamba hakuna anayekuja kukuuliza umelia nini. Mara kadhaa alifikiri atoke, awakimbilie, awaombe radhi kabla hawajafika mlangoni. Hakutoka. Aliogelea mpaka nusu saa yake ikaisha yote.