Bega la Mchezaji Wetu

Nilikuwa na miezi minne tu kwenye redio moja ya Butembo, mashariki mwa Kongo, waliponituma mji wa Beni kufuata mashindano ya tenisi. Wachezaji walitoka Uganda, Rwanda na Burundi. Mimi tenisi sikuijua; nyumbani tulijua mpira wa miguu na kwaya. Aliyenifundisha kuhesabu pointi ni mwandishi mwenzangu, mkubwa wangu kazini, ambaye sote tulimwita Grand. Ndani ya gari alinichorea uwanja kwenye karatasi ya biskuti, mistari yote.

"Hapana kuogopa," aliniambia. "Mi niko nyuma yako."

Nilimwamini kama kaka yangu wa tumbo moja.

Tumaini letu lilikuwa binti mmoja wa Butembo, aliyeuza viazi kutoka kijiji cha Kipese pamoja na mama yake, na aliyejifunza tenisi kwa kuokotea wengine mipira. Alishinda mechi tatu. Siku moja kabla ya fainali dhidi ya mchezaji wa Uganda nilimkuta nyuma ya ukuta wa uwanja, amejibandika chupa ya maji baridi begani. Nilizima kinasa sauti bila kuambiwa.

"Yaya, bega inaniuma," akasema, akiniita kama ndugu yake mkubwa. "Mukono haipande tena. Hapana sema ku redio. Ule wa Uganda akijua, nimekwisha."

Nikamwapia.

Muda mfupi baadaye Grand akaniuliza mbona nimerudi bila sauti ya mchezaji wetu. Nikamweleza yote, maana nilitaka anishauri niandike nini badala yake.

"Lakini ni siri, Grand."

"Mais bien sûr, bila shaka, mutoto yangu. Itabakia kati yetu."

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai hotelini, redio ya jikoni imefunguliwa, nikasikia sauti ya Grand ikitangaza kwa fahari kwamba bega la kulia la mchezaji wetu limeharibika. Kwenye meza ya jirani, kocha wa Uganda aliacha mkate wake, akamwomba mpishi aongeze sauti.

Fainali haikumaliza saa moja. Yule Mganda alirusha mipira juu, upande wa kulia, palepale mkono usipofika. Binti yetu akaanza kuanzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini, kama mtoto anayejifunza. Grand, kando yangu, akanigusa kwa kiwiko.

"Umeona? Donc tulisema kweli."

"Uliniahidi," nikamwambia.

"Ni weye uliahidi ule binti. Mi sikumuahidi kitu."

Nilimfuata binti, nikamkuta anafungua viatu. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Nilimuambia mutu moja tu," akasema.

Nilitaka kumtaja Grand. Nikashindwa, kwa sababu siri ilitoka kwanza kinywani mwangu.

Tuliporudi Butembo, mkurugenzi alimsifu Grand mbele ya wote: habari kubwa, na sisi tulikuwa wa kwanza! Watu wakapiga makofi. Mpaka leo tunafanya kazi bureau moja. Bado ananiita mutoto yangu. Mimi namwita Bwana.

Bega lilipona. Mwaka uliofuata binti alicheza tena, akashinda, akajibu maswali ya waandishi wengine wote waliokuwapo. Ilipofika zamu yangu alinisalimu kwa heshima, kama mgeni, akaokota raketi yake na kuondoka.