Maiti Aliyekataa Kuamka

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uigizaji, kwenye ukumbi wa Bulembia karibu na Kasese, nilikabidhiwa jembe la mbao nikaambiwa nisimame kama mtu mwenye njaa. Nikajishika tumbo. Mkurugenzi wetu, aliyekuwa amerudi kutoka mafunzo ya jukwaa huko China, akapiga kelele.

"Hapana, dada! Mkulima wa mapinduzi ana njaa, lakini hainamishi kichwa. Ngumi juu, kidevu juu!"

Nyinyi vijana mnaoigiza mbele ya kamera hamjui kazi ile. Kila tukio liliishia kwa kuganda: ngoma inalia, mnabaki kama mlivyo, hata siafu wawaume, mpaka ilie tena. Aliyetikisika alifukuzwa. Nilicheza wakulima, wafua nguo, wapika uji, na miaka ya sabini ilipoingia nikapandishwa kuwa Mama, ambaye mwanawe anauawa na mwenye shamba. Mwana alikuwa Bwambale, kijana kutoka Kisinga mwenye sauti nzito. Akishakufa alifunikwa shuka, na mwishoni aliamka aimbe nasi wimbo wa ushindi, maana bila yeye wimbo ulipwaya.

Kasese walitupigia makofi. Tukapelekwa Bwera, tukacheza karibu na soko, wanajeshi wakiwa viti vya mbele.

Bwambale akauawa. Nikaganda juu yake, ngumi juu. Badala ya makofi nikasikia mama mzee akisema kwa nguvu, "Mama gani huyu? Mutoto amekufa, na yeye iko anasimama tu!"

Akapanda jukwaani. Nilishtuka, lakini ngumi niliiacha juu. Akaketi, akaifunua shuka, akakipakata kichwa cha Bwambale, akalia akiita, "Muhindo! Muhindo wangu!" Wanawake wakajifunga vitenge viunoni, wakapanda, wakalia naye. Mmoja akaninong'oneza kwamba Muhindo, mwanawe, alipotelea mlimani wakati wa vurugu za waasi na wanajeshi. Mwili haukuonekana, na matanga hayakukaliwa.

Ngoma ya ushindi ikapigwa. Bwambale hakuamka.

"Amka!" mkurugenzi alinong'ona nyuma ya pazia. "Utaniponza!"

Afande akasimama. "Wewe maiti! Simama, imba!"

Bwambale hata ukope haukucheza. Ngumi yangu ikashuka yenyewe, nami nikaketi kando ya yule mama. Afande akatukana, akaondoka na watu wake. Yule mama mzee akalia mpaka akatosheka, akavua kitenge chake cha begani, akamfunika Bwambale usoni. "Lala sasa, mutoto wangu," akasema, akashuka.

Asubuhi yake Bwambale alifukuzwa kwa kutoamka. Mimi nilibakizwa, kwa kuwa hapakuwa na Mama mwingine. Hilo nalo linanishtua hadi leo.

Sasa nimestaafu, magoti hayanisikii. Wajukuu wakiniuliza mtu wa kawaida huigizwa vipi, siwaambii habari za ngumi wala kidevu. Nawaambia kwamba Bwambale alibaki amekufa hadi yule mama alipolipita soko. Nilipokifunua kitenge, uso wake ulikuwa umelowa, macho bado kayafumba.

"Dada," akaniuliza, "ameshaenda?"