Kabari Namba Nne

Kiwandani walimwita Bi Rula, na jina hilo alilitolea jasho. Alilipata katika mwaka wake wa pili kwenye mashine ya kukata karatasi, siku ambayo rula ya chuma ilipotea huku gari la kubeba vitabu likisubiri mlangoni. Wenzake walikuwa chini ya meza wakiitafuta. Yeye akapima kwa jicho, akakata rundo zima. Rula ilipopatikana, walipima na hawakuona tofauti hata ya unywele. Tangu hapo, jirani akitundika picha ukutani, humwita Bi Rula aje aseme kama imekaa sawa.

Miaka kumi na saba baada ya siku hiyo, Jumapili moja mchana, Bi Rula alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula akiandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto mdogo kando ya daftari, kama mgonjwa aliyeletwa kumsindikiza mwenzake. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Mahali pao palikuwa na ngozi mpya, laini, yenye kung'aa, ambayo mwenyewe alikuwa bado hajaizoea.

"Hebu soma tena alichosema wakili," alimwambia binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alifanya kazi katika duka la dawa na hakuamini jambo lolote ambalo halijaandikwa. Alifungua kikaratasi chake. "Kesho saa tatu asubuhi. Twende na karatasi zote za hospitali. Barua ya kuajiriwa. Barua yoyote iliyotoka kiwandani baada ya ajali. Na maelezo kwa maneno yako mwenyewe, tangu ulipoingia kazini mpaka ulipotoka. Amesema usiruke kitu."

"Za hospitali zipo kwenye bahasha. Ya kuajiriwa ipo."

"Na ile ya kiwandani?"

Bi Rula alinyoosha mguu akagusa mguu wa meza. Binti aliinama. Chini ya mguu huo, uliokuwa mfupi kuliko mingine, karatasi iliyokunjwa mara nne ilikuwa imeikamata meza isiyumbe.

"Mama! Hii ndiyo barua yao?"

"Ilikuwa imekaa bure. Nikaipa kazi."

Binti aliichomoa, na meza ikaegemea upande mmoja. Barua ilisema kwamba mfanyakazi aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kuwa aliichezea mashine kinyume cha kanuni. Iwapo angetia sahihi kukubali hivyo, kiwanda kingemrudisha kazini, kufagia bohari. Nafasi ya sahihi ilikuwa bado wazi, ila ilikuwa na alama ya duara ya mguu wa meza.

"Wangenipa ufagio," alisema Bi Rula. "Wamenichukulia vidole, sasa wanataka niwashukuru kwa ufagio."

Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akila machungwa karibu na dirisha, aliguna. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kila jambo maishani alilitazama kama mtu aliyekaa kiti cha kushoto huku mguu ukitafuta breki.

"Dada, naomba unisikilize. Huu mwaka wa kumi na moja nafundisha watu gari. Somo la kwanza ni kwamba ukigonga, funga mdomo. Neno 'nimekosa' likishatoka, hakuna gereji inayolirekebisha. Sasa humo kwenye daftari umeandika nini kuhusu ile kabari?"

"Nimeandika niliiweka mimi."

"Ee Mungu wangu."

Ile mashine ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, na kisu hakikushuka mpaka vyote vibonyezwe kwa pamoja. Aliyeiunda alitaka mikono yote miwili iwe kwenye vitufe kisu kinaposhuka, isiwe kwingine. Lakini kazi ya mikono miwili ilikuwa ya polepole. Kwa hiyo kila mkataji alikuwa na kabari yake, kipande cha mti kilichochongwa mshazari. Alikishindilia kwenye kitufe cha kulia, kikabaki kimebonyea; mkono wa kushoto ukabonyeza kingine, na wa kulia ukawa huru kunyoosha karatasi chini ya kisu. Kabari hizo hawakuzitoa nyumbani. Zilitundikwa kwenye ubao wa misumari mlangoni kwa msimamizi, nambari moja mpaka sita. Asubuhi aliwagawia, jioni alizihesabu. Aliyekataa kuichukua kwa kuogopa aliambiwa aende kwa mama yake akalee kuku.

"Sema kisu kilishuka chenyewe," alisema mdogo wake. "Mashine kuukuu ile, nani atabisha?"

"Nitabisha mimi. Nilikibonyeza."

"Ni kwa wakili tu, dada!"

"Hasa kwa wakili. Nimtafute mtu wa kunisemea, halafu nimpe uongo akaseme?"

"Mjomba," binti aliingilia, "ukimdanganya mganga anakupa dawa ya ugonjwa wa mwenzako."

"Wewe nawe na dawa zako."

Walikuwa katika mabishano hayo hodi ilipobishwa mlangoni. Aliingia Gundi, mfunga vitabu wa pale kiwandani, mwanamume mwembamba ambaye kucha zake hazijawahi kuishiwa gundi kavu. Alisalimia wote, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mkono vipi, Bi Rula?"

"Upo. Baadhi yake."

Gundi hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Akageuza kofia yake mikononi. "Nimekuja kukuambia kabla hujaenda huko kesho. Ule ubao wa misumari wameung'oa. Ukuta umepakwa rangi mpya. Kwenye mashine pana bango kubwa: Mikono Miwili Daima."

"Limewekwa lini?"

"Jumatano."

"Vidole vyangu vingelisoma kwa furaha. Kabari ziko wapi?"

"Zimechomwa nyuma ya choo. Msimamizi ametuita wote akatuambia kiwanda hiki hakijawahi kuwa na kabari."

"Nawe ukasema nini?"

Gundi alitazama kucha zake. "Sikusema kitu."

"Basi umesema walichotaka."

Mdogo wake Bi Rula aliweka chini maganda ya machungwa na kusimama. Safari hii hakuwa na mzaha. "Umeona sasa? Ubao hakuna, kabari hakuna, watu midomo wameshona. Ukikiri uliweka kabari, itakuwa yako peke yako duniani. Watasema uliichonga mwenyewe jikoni kwako. Wakili atafunga faili kabla hujamaliza chai yake. Dada, unataka kushinda, au unataka kusema kweli?"

Bi Rula alichukua kalamu.

"Nataka vyote viwili," alisema. "Na kama kimoja kitanishinda, hakitakuwa hicho ninachoweza kukifanya mwenyewe."

Akaendelea kuandika. Herufi zake zilikuwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, nyingine zimelala, nyingine zimepanda juu ya jirani zake, na alisema kila neno kwa sauti kabla ya kuliandika. Aliingia saa moja na dakika kumi. Alichukua kabari msumarini. Rundo la kwanza, la pili. Rundo la tisa karatasi zilikuwa na unyevu, zikawa zinashikana. Alinyoosha mkono zaidi. Alisikia kisu. Hakusikia maumivu, alishangaa tu kuona karatasi nyeupe imekuwa nyekundu. Mtu alipiga kelele, naye hakuwa yeye.

"Kisha?" aliuliza binti, taratibu.

Kalamu ilisimama. "Kisha sikumbuki. Nakumbuka niko kwenye gari."

"Amesema usiruke kitu."

Bi Rula aliinuka. Alisimama mbele ya meza ile inayoyumba kama alivyosimama mbele ya mashine kwa miaka kumi na tisa: miguu imeachana kidogo, kifua mbele. Mkono wa kushoto aliuweka kwenye kitufe kisichokuwepo. Wa kulia akausogeza mbele, penye karatasi.

"Kisu," alisema. "Kelele."

Mkono wa kushoto ukaondoka wenyewe. Ukavuka upande wa pili, ukachomoa kitu hewani, ukashuka kiunoni kulia, ukatumbukiza. Bi Rula aliutazama kama wa mtu mwingine. Akarudia. Kisu, kelele; mkono ukavuka, ukachomoa, ukatumbukiza.

"Mgeni mlangoni," alisema Gundi kwa sauti ndogo.

"Kabari mfukoni," alimalizia Bi Rula.

Hilo lilikuwa somo la wiki ya kwanza kwa kila mkataji. Mkaguzi akionekana getini, msimamizi alipiga mluzi, na kabla mluzi haujaisha kila kabari ilikuwa imetoka kwenye kitufe na kuzama mfukoni. Waliofanya haraka walisifiwa. Bi Rula alikuwa wa kwanza daima. Baada ya miaka yote hiyo, mkono wake haukungoja tena mluzi. Ulitosheka na kelele yoyote.

Akaanza kucheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha. "Vidole vyangu vimelala pale mezani, mimi namfichia msimamizi siri zake! Damu inachuruzika, naharakisha asije akaonekana mbaya!" Kisha kicheko kikakatika. "Aproni yangu iko wapi?"

Binti alishusha macho. "Hospitali walinipa kwenye mfuko. Iko juu ya kabati. Nilitaka kuifua, mama. Kila nikiushika mfuko nashindwa. Kuitupa nako nikashindwa."

"Bahati yangu kuzaa mvivu. Ilete."

Mfuko mweusi uliwekwa juu ya gazeti. Aproni ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Binti alinyoosha mkono, mama akamzuia. "Acha. Damu ni yangu, hainitishi." Alipenyeza mkono wa kushoto mfukoni mwa aproni, akaupapasa upande huu na huu, akatoka na kipande cha mti kisichozidi kidole gumba.

Upande mmoja ulikuwa umeingia doa. Upande wa pili, kwa kalamu nene nyekundu, paliandikwa namba nne, na chini yake sahihi yenye mkia mrefu uliojikunja.

"Mkia wa panya!" alisema Gundi, akaruka kutoka kitini.

Wote wawili waliijua sahihi ile. Kabari zilikuwa zikipotea, wakataji wakiibiana, ndipo msimamizi akaamua kuzitia sahihi moja moja. Mtu yule alipenda sana sahihi yake. Alikuwa ameitia kwenye ndoo, kwenye ufunguo wa choo, hata kwenye mpini wa ufagio.

Mdogo wake Bi Rula aliikodolea macho ile kabari. "Basi, sasa unaweza kusema kwamba uliiokota tu—"

"Mdogo wangu."

"Naam."

"Funga mdomo. Si ndilo somo la kwanza?"

Gundi aliaga, lakini alipofika mlangoni aligeuka. "Sahihi hiyo ninayo nyumbani kwenye barua mbili za onyo, za kuchelewa. Wakili akitaka kulinganisha." Akavaa kofia, akaivua tena. "Kuja mwenyewe kusema, sijui, Bi Rula. Nikikuahidi nitakudanganya. Lakini barua nitazileta kesho alfajiri kabla ya kazi."

"Anza na barua," alijibu Bi Rula.

Asubuhi barua zilikuwa zimepenyezwa chini ya mlango.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Wakili mwenyewe, mwanamke mfupi aliyekuwa na mafua makali, alisoma kurasa tano za mwandiko ule uliopindapinda bila kurukaruka. Alipofika ukurasa wa tatu aliinua kichwa.

"Hapa umeandika kabari uliiweka wewe."

"Ndiyo."

"Hakuna aliyekushauri uliondoe neno hili?"

Mdogo wake Bi Rula aliangalia dari kwa bidii.

"Walikuwepo," alisema Bi Rula.

"Nakueleza mapema ili lisikushangaze baadaye. Upande wa pili watalishika neno hili kwa meno. Litakuuma."

"Nimeumwa na kisu, mama wakili, sitakimbia meno. Wao washike neno. Mimi nimeshika hii." Akaweka mezani kifuko cha plastiki cha duka la dawa, na kando yake barua mbili za onyo.

Wakili alikigeuza kifuko kwa ncha ya kalamu. Aliona namba. Aliona sahihi, akavuta zile barua akatazama chini, kisha akarudi kwenye kabari. Kitambaa cha pua kilisahaulika mkononi.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule anayesema kabari hazijawahi kuwepo."

Wakili hakucheka, lakini alivuta kiti karibu na meza na kufungua faili jipya. "Sitakuahidi kushinda," alisema. "Nakuahidi tu kwamba watalazimika kuijibu hii. Tuanze na sahihi yako kwenye maelezo."

Karani, aliyekuwa amesimama kando, aliutazama mkono wa kulia wa mteja, na kwa huruma kabisa akasogeza kidau cha wino wa alama ya gumba.

"Ondoa hicho, mwanangu," alisema Bi Rula. "Nimekata vitabu vya kufundishia watoto wa watu kusoma, miaka kumi na tisa. Siweki gumba."

Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Karatasi haikuwa na mstari. Aliandika jina lake polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Herufi zilitoka zimepinda, moja nene, moja nyembamba. Lakini zote zilikuwa zimesimama kwenye usawa mmoja, mwanzo hadi mwisho, na karani alipoinama kuipokea karatasi, alitafuta rula mezani na hakuiona.