Masikio ya Mono

Miaka ya sabini nilifundisha shule ya bweni ya wavulana karibu na Nambale. Mwanafunzi mpya tulimwita mono, na mono alikuwa mali ya wakubwa. Aliwatandikia vitanda, akalazimishwa kupima bweni kwa kijiti cha kiberiti na kujifanya anampigia mamake simu kwa kiatu. Walimu wenzangu walicheka. Mimi nilifoka, lakini nilikuwa mwanamke peke yangu pale, basi hasira zangu ziliitwa mambo ya akina mama.

Wiki yangu ya zamu, mono mmoja wa kutoka Moding alipigwa makofi masikio yote mawili kwa mpigo mmoja. Kosa lake ni kumtazama mkubwa usoni. Asubuhi nilimkuta na damu kwenye kola. Mwalimu mkuu akasema hayo ni ya kiranja wa bweni. Kiranja akasema ni ya mwalimu wa zamu, yaani mimi. Nikaenda polisi.

"Wewe ndiye mzazi?" askari akauliza.

"Hapana, mimi ni mwalimu."

"Basi mlalamishi yuko wapi?"

Hadi leo sijui sheria ilimtaka nani aseme. Kila niliyemuuliza alikuwa na hakika si yeye.

Nikampeleka mtoto kwao. Mamake alikuwa akianika mtama. Hata sijaketi vizuri, kuku alikuwa ameshafungwa miguu na kuwekwa kando ya kiti changu. Siku hizo mwalimu akimrudisha mtoto katikati ya muhula, mzazi alijua amefukuzwa, na kuku alikuwa wa kuomba msamaha.

"Mwalimu, tumeelewa. Huyu ataacha ujeuri."

"Mama, yeye ndiye aliyepigwa. Masikio. Nataka turipoti."

"Ripoti tu, mwalimu. Lakini usitaje huyu wangu, watamfukuza."

Nilichanganyikiwa kabisa. "Sasa niseme ni masikio ya nani?"

Akageukia mtama wake. Mtoto alikuwa ameketi chini, ametugeuzia mgongo, akichora mchangani kwa kidole. Mama akamwita aniletee maji ya kunywa. Hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti, kwa jina la nyumbani. Kidole kiliendelea kuchora.

Mama alimtazama masikioni. Kisha akapangusa mikono kwenye leso.

"Mwalimu," akasema, "hao polisi wanafunga saa ngapi?"