Pengo la Katikati ya Daraja

Pale ofisini walimwita Mama Muhtasari, kwa kuwa hakuna kikao kilichoanza kabla hajaketi pembeni na kalamu yake. Ujana wake wote ulikuwa umepita akigeuza porojo za wakubwa kuwa sentensi zenye adabu. Bosi akibwabwaja mpaka chai ikapoa, yeye aliandika, "Mwenyekiti alisisitiza." Wawili wakirushiana matusi, aliandika, "Wajumbe walibadilishana mawazo." Hakuwa mnafiki. Alikuwa na watoto wa kusomesha na mama wa kutunza.

Mama huyo alikuwa ng'ambo. Mto unaopita nyuma ya ofisi ya mkoa ndio mpaka wa nchi mbili, na juu yake kuna daraja la mbao la waenda kwa miguu. Bibi kizee aliishi upande wa pili kwa binti yake mkubwa, fundi cherehani. Goti lilipoanza kumkataa, na ngazi za nyumba ya fundi zikawa mlima, wakakubaliana ahamie kwa mdogo, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Ingekuwa kazi ya asubuhi moja, kama si lile pengo.

Mafuriko yalikuwa yamezoa mbao zote. Mkoa wa huku ukatengeneza nusu yake, na mkoa wa kule nusu yake, kila mmoja ukikomea pale ramani yake inapokoma. Katikati pakabaki uwazi wa upana wa kitanda. Pale palikuwa pa pamoja, na cha pamoja hakiguswi bila kamati ya pamoja. Kamati ikaundwa, wafadhili wa ushirikiano wa mipakani wakaombwa fedha, na fedha zikaja. Zilikuja na sharti ambalo wajumbe walilipenda kuliko fedha zenyewe: vikao vifanyike mahali pasipoegemea upande wowote. Basi watu ambao madirisha ya ofisi zao yalitazamana, ambao wangeweza kupungiana mikono kila wanapofungua pazia, wakapanda ndege kwenda kukutana kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Mama Muhtasari alikwenda nao mara moja. Siku mbili nzima walibishania jina la mradi. Wa huku walitaka "Daraja la Ujirani", wa kule wakashikilia "Ujirani wa Daraja". Siku ya tatu wakapelekwa kutazama madaraja ya watu wengine, wakapiga picha. Akaandika, "Wajumbe walijifunza."

Waliporudi alimfuata Mratibu wa mradi, bwana mmoja nadhifu ambaye viatu vyake havikuwahi kuonja tope la mtoni.

"Bosi, zile mbao za katikati zitawekwa lini?"

"Mama, mbona una haraka? Bado tuko kwenye kujenga uwezo."

"Uwezo wa nini?"

"Wa kushirikiana."

"Mimi na dada yangu tunashirikiana tangu tukinyonya, na hatujawahi kudai posho."

Mratibu akacheka vizuri, kama mtu aliyeshiba, akauliza kama chai bado ipo.

Tunda la kwanza la mradi lilikuwa bango. Bati zito juu ya fremu ya chuma, pana kuliko mlango wa ofisi, likiwa na wakuu wa mikoa yote miwili wakishikana mikono na kuchekelea. Likafungwa kwa waya kwenye nguzo mbili mwanzoni mwa daraja, na mlinzi akaajiriwa alilinde. Mlinzi huyo alipewa pia kazi ya kuondoa mbao ambazo wananchi walitandika pengoni, maana lile sasa lilikuwa eneo la mradi. Vijana wakawa wanaruka. Wazee wakabaki kula kwa macho.

Ndipo dada yake akapiga simu. "Mama ameanguka kwenye ngazi. Hajavunjika, ila leo amelia. Tangu nimjue sijamwona analia."

Barabara kuu ilizunguka kutwa nzima, na goti lile halikukunjika garini. Jumamosi asubuhi Mama Muhtasari akashuka mtoni.

"Mzee, umeambiwa uzuie mbao hapa, sivyo?"

"Mbao za watu binafsi," mlinzi akasema. "Hili ni eneo la mradi."

"Na bango ni la nani?"

Mlinzi akaligeukia kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "La mradi."

"Mali ya mradi ikilala kwenye eneo la mradi, kosa liko wapi?"

"Wewe mama, unataka nikose kazi."

"Kazi yako ni kulilinda. Lilinde likiwa limelala. Mbona wewe ukilala bado unaitwa mlinzi?"

Hilo lilimpata, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akacheka, akaenda kulegeza waya.

Wakalitandika juu ya pengo, nyuso za wakuu zikitazama mbingu. Mama Muhtasari akalikanyaga kwanza yeye. Lilitulia tuli, akarudi ukingoni kuwasubiri. Dada yake, aliyekwisha kupigiwa simu, akamleta mama taratibu mpaka bangoni, akarudi kuchukua furushi la nguo waliloliacha ng'ambo. Bibi kizee akaketi hapohapo kupumzisha goti.

Mratibu akatokea, na kitambaa cha kufutia bango mkononi. Wafadhili walikuwa wanakuja mchana.

"Bibi, umekalia bango la mradi."

"Kumbe? Nilidhani nimekalia daraja."

"Tunalihitaji sasa hivi, bibi."

"Lichukue, mwanangu. Ila mimi siwezi kusimama peke yangu."

Kuvuta bati chini ya kikongwe aliyelikalia hakukuwamo kwenye mpango kazi wowote. Mratibu akakunja suruali, akampa mkono, akamtembeza polepole mpaka ukingo wa huku, akisikiliza njia nzima habari za goti. Alipomkabidhi tu kwa bintiye, akamwashiria mlinzi, wakaling'oa bango upesiupesi. Shavu la mkuu wa mkoa lilikuwa na alama ya kandambili.

Dada akarejea na furushi akalikuta pengo. Mdogo wake akarudi darajani mpaka mbao zinapoishia, akanyoosha mikono. Dada akarudi nyuma hatua kidogo, akalirusha. Likapita juu ya maji, mdogo akalidaka kifuani.

"Na yeye?" mama akauliza kutoka ukingoni. "Atakuja lini kuniona?"

Nyuma yao Mratibu alikuwa ameanza kufuta.